Mstari wa Watumishi

"Basi tumwandike wapi?" Mathilde alisema. "Niambie, Baba Placide. Mistari iko mitatu. Muke, watoto, watumishi. Régina si mutoto wako. Ukimwandika kwa mstari wa muke, uko na wake wawili, na bursi ya mutoto imekufa. Unabakia mstari gani?"

Raphaël, mumewe, alikuwa ameshika karatasi ya maombi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Hakutaka kuitazama, wala hakuthubutu kuiweka mezani.

"Miye niliandika vizuri," alisema. "Niliandika shemeji, mjane wa marehemu kaka yangu."

"Na wao wakairudisha na kalamu nyekundu. Placide, umusomee baba yako."

"Baba amesoma, mama."

"Umusomee tena. Iko nasahau."

Placide alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwezi uliopita alikuwa amepata shahada ya sheria na utawala huko Léopoldville, na hakuna mtoto wa mtaa ule wa Kasongo aliyekuwa amefika mbali hivyo. Alisoma akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwa sababu nje, hatua kumi kutoka dirishani, Régina alikuwa anatwanga mpunga.

"'Mjane wa ndugu anayeishi katika uwanja wa baba wa mwombaji. Kwa desturi za huko, huyo ni mke wa pili. Baba aeleze, ama jalada lifungwe.'"

"Desturi za huko," Raphaël alisema. "Miaka kumi na moja sijaingia katika nyumba ya yule mwanamke hata kuomba moto. Padri anajua. Mtaa wote unajua."

"Padri hakai kwenye kamati," Mathilde akamjibu. "Alhamisi ajenti wa serikali anakuja kuangalia nyumba. Alhamisi ni kesho kutwa. Ukitaka kumueleza mambo ya moto, umueleze."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Profesa mmoja wa Ubelgiji alikuwa amekubali kumsimamia Placide aandike tasnifu ya udaktari, kazi ya miaka mitatu, juu ya namna mabaraza ya machifu yanavyokata kesi za ndoa na urithi kati ya Lualaba na Kabambare. Barua ya profesa ilikuwa nzuri, yenye muhuri, na haikuwa na franka hata moja ndani yake. Pesa za masomo zilibaki kwa bursi ya serikali, na kamati yake haikuitoa kwa nyumba ya wake wawili. Baba alipokwenda kuionyesha kazini, ghalani kwa kampuni ya pamba alikokuwa karani wa mizani, wenzake walimuuliza kama daktari wa namna hiyo anachoma sindano. Aliposema hapana, walimuonea huruma.

"Tumeshazunguka kila mlango," Mathilde aliendelea, akihesabu kwa vidole. "Mapadri walisema watalipa, lakini aache hayo mambo ya mabaraza asome historia ya Kanisa, halafu afundishe seminarini miaka kumi. Kampuni yako ikasema inalipa mutu wa kusomea udongo, na si mutu wa kusomea wake za watu. Chama cha watu wa Kasongo huko Léopoldville wamechangisha mpaka wauza samaki, wakapata pesa za koti na nusu ya njia. Atasafiri nusu ya njia, aishie kwenye maji?"

"Naweza kuacha," Placide alisema.

"Uache halafu?"

"Nitafanya kazi. Karani wa serikali, daraja la kwanza. Wananipokea kesho."

"Ukae unanakili barua za watoto wa kizungu wasiomaliza hata koleji." Mathilde aliinuka, akachukua karatasi mikononi mwa mumewe, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Hapana. Tunamuandika kwa mstari wa tatu. Ni karatasi tu. Ajenti atakunywa kahawa, ataondoka, na Régina atabaki Régina. Andika, Baba Placide. Miye nitamuambia."

Kule nje mchi ulikuwa umenyamaza tangu kitambo. Wote watatu walilitambua hilo kwa pamoja.

*

Régina alikuwa ameketi juu ya kinu alichokilaza ubavu, akipepeta. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi sana, mzaliwa wa Lusangi, upande wa Kabambare, Mbangubangu wa mashamba ambaye Kiswahili chake bado kilikuwa na ladha ya kwao. Mume wake, ndugu wa Raphaël, alikufa mwaka arobaini na saba, alipoangukiwa na mti barabarani. Kilio kilipokwisha, wazee wa ukoo walimpa jembe mkononi na kumsimamisha mbele ya mlango wa Raphaël. Hiyo ilimaanisha kuwa mwanamke huyu ni wa nyumba hii. Raphaël alilipokea jembe kwa heshima, akalisimika ukutani, akamjengea Régina nyumba yake upande wa pili wa uwanja. Basi. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa kabla ya baba yao.

"Sema, yaya," alimwambia Mathilde, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, bila kuinua macho. "Asubuhi nzima muko natwanga maneno ninyi, miye nikapumzika."

Mathilde hakuwa na desturi ya kuzunguka. Alisema yote kwa pumzi moja, tangu kalamu nyekundu mpaka mstari wa tatu. Régina alisikiliza huku akitoa vijiwe kwenye ungo na kuvitupa kimoja kimoja.

"Siku moja?"

"Asubuhi moja. Unaleta kahawa, unasimama. Usiketi mbele yao. Baba Placide umuite bwana."

"Na weye?"

"Miye, madamu."

Régina alimtazama, kisha akacheka mpaka ungo ukamwaga mpunga. "Madamu," alisema, akijifuta machozi. "Madamu, mboga ya sombe imeungua. Madamu, kuku wamekunya kwenye viatu vya bwana." Mathilde naye akacheka. Kwa muda kidogo walikuwa kama walivyokuwa miaka yote, wanawake wawili wanaofahamiana mpaka harufu ya jasho. Halafu Régina akaanza kuokota mpunga punje kwa punje, na kicheko kikaisha.

"Placide anasema nini?"

"Anasema ataacha bursi."

"Hapana. Muambie sikutwanga muchele huu wote aje kusimama mlangoni. Muambie niko tayari."

Mpunga ule ulikuwa wa Régina. Aliulima mwenyewe kwenye bonde la mto, na kwa miaka sita ulikuwa umenunua suruali za Placide, madaftari yake, na miwani ya kwanza. Na kabla ya mpunga kulikuwa na jambo lingine. Placide alipokuwa na mwaka mmoja, Mathilde alishikwa na ugonjwa wa malale, akapelekwa lazareti walikotengwa wagonjwa, akakaa miezi ishirini na miwili. Régina ndiye aliyemlea mtoto, na wakati ule alikuwa na wa kwake mgongoni. Mathilde aliporudi, amekonda, nywele zimenyonyoka, Placide alimkimbia akajificha kwenye kitenge cha Régina, akiita mama, mama. Mathilde hakulisema hilo kwa mtu maisha yake yote. Hakuwa mtu mbaya. Lakini siku ile, alipokuwa anarudi ndani kuwaambia kwamba Régina amekubali, alijisikia mwepesi kuliko ilivyopasa, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Jioni Placide alikuja kuketi karibu na moto wa Régina na daftari lake, kama alivyofanya kila jioni tangu afike likizo. Nusu ya daftari lile ilikuwa maneno ya Régina, maana aliyakumbuka mashauri ya baraza la Lusangi tangu alipokuwa msichana, nani alimshtaki nani, mbuzi wangapi, nani alilia.

"Tulifika wapi?" Régina aliuliza.

"Mama mudogo, tunaweza kuacha leo."

"Tulifika kwa mjane."

Placide alifungua daftari, akaona aibu ya kulifunga tena. "Mjane akitaka kuondoka kwa ukoo wa mumewe," alisoma swali lake mwenyewe. "Arudi kwao. Baraza linasema nini?"

"Linasema mali irudi. Mbuzi zilizotolewa, shoka, nguo, franka, yote. Ndugu yake arudishe."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa, mwanamke anabaki. Kaka yangu Bulaimu hana hata kuku wa kuuza. Miye mbona niko hapa?" Alisema hivyo kwa utani, na Placide akaandika jibu bila utani. "Labda wenye mali waseme wenyewe, mbele ya watu, kwamba hatumjui tena mwanamke huyu. Hapo hakuna deni. Lakini nani anasema hivyo? Mutu akisema hivyo anajipigia mali yake chini."

Placide aliandika na hilo pia.

*

Siku ya Jumatano Mathilde alihamisha kitanda cha Régina. Ajenti, alisema, akiona mtumishi ana nyumba ya sakafu ya simenti na pazia la maua, atauliza. Alikibeba mwenyewe upande mmoja, Régina upande wa pili, wakakiingiza ghalani katikati ya magunia. Katika nyumba ya Régina wakamwaga mahindi. Kutoka kwa Louise, mke wa muuguzi, waliazima uma sita na vijiko sita, kwa sharti la kurudisha kabla ya chakula cha jioni cha Alhamisi.

Alhamisi ajenti alifika saa tatu ya asubuhi, Mbelgiji kijana, mwekundu shingoni, pamoja na Marcellin, karani wa ofisi, mwenye mkoba. Hakuwa mkali. Mkali angekuwa nafuu. Alifungua kabati akahesabu sahani. Alibonyeza godoro la Raphaël na Mathilde kwa ngumi, wao wakiwa wamesimama mlangoni. Alikwenda mpaka choo cha uani, akarudi akisema ni safi, na Raphaël akashukuru. Raphaël alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kwa mizani yake ya pamba hakuna mtu aliyewahi kumshtaki hata kwa ratili moja. Alisema asante kwa sababu choo chake kilisifiwa.

Régina alileta kahawa. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani. Alitembea polepole, akaweka vikombe bila kuvigonganisha, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama mikono imeshikana tumboni. Macho chini. Mathilde, aliyemfundisha, alishangaa namna alivyolifanya vizuri, kisha akaona mikono ile imeshikana kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Bwana anataka sukari?" Régina alimwuliza Raphaël.

Raphaël alitikisa kichwa.

Ajenti alimuuliza Placide juu ya tasnifu. Placide alijibu kwa Kifaransa safi, kirefu, na ajenti akatingisha kichwa kama mtu anayesikiliza muziki wa nyumba ya jirani. "Vizuri," alisema mwishowe. "Utatuandikia desturi zenu, na sisi tutazielewa." Akamgeukia Mathilde kwa Kiswahili chake. "Mutumishi yako iko muzuri sana. Analala wapi?"

"Ghalani, bwana."

"Munamulipa ngapi?"

Hili hawakulifundishana. Mathilde alisema neno la kwanza lililomjia. "Mia tatu kwa mwezi."

"Na buku yake, kitabu ya kazi?"

Kuku mmoja aliingia mlangoni, akatazama, akatoka.

"Iko nani jina yako?" ajenti alimuuliza mwenyewe.

"Régina, bwana."

"Régina, huna buku? Miaka ngapi unafanya kazi hapa?"

"Kumi na moja."

"Miaka kumi na moja bila buku," ajenti alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, kwa ajili yake. Alimgeukia Raphaël. "Weye karani, unajua sheria. Mutu anafanya kazi kwako bila mkataba, bila kuandikwa. Hivi ndivyo watu waliostaarabika wanafanya?" Akafunga mkoba. "Kesho saa mbili, ofisini. Mwajiri na mutumishi. Mukileta mkataba, ninatia sahihi kwa jalada ya kijana, linaondoka na posta ya Jumamosi. Musipoleta, ninaandika nilichoona."

Walipoondoka, Raphaël alikwenda moja kwa moja ghalani, akakamata kitanda cha Régina akaanza kukivuta.

"Wacha, shemeji," Régina alimwambia. Alikuwa anakausha uma za Louise, akizihesabu. "Kesho bado kuna kazi."

*

Ijumaa walikwenda wanne. Raphaël mbele katika koti lake la misa, Placide nyuma yake, kisha wanawake. Régina alikuwa na kikapu kikubwa kichwani, kimefunikwa majani ya migomba. Mathilde alidhani ni mchele wa kuuza sokoni, wakitoka ofisini, na moyoni alimlaumu kwa kutoka na mzigo siku kama ile. Walikiweka kikapu barazani, na Mathilde akabaki kukilinda, karibu na dirisha lililo wazi.

Marcellin alikuwa ameshaandaa mkataba kwa mashine ya kuandikia. Alikuwa mtu wa Kasongo pale pale, alimjua Régina kwa jina na kwa mchele wake, na asubuhi yote hiyo hakumtazama mtu machoni. Ajenti aliketi nyuma ya meza.

"Mutumishi hajui kusoma," ajenti alisema. "Sheria inataka asomewe kwa luga anayoielewa. Marcellin."

Marcellin akakohoa. "Bwana, kijana huyu ana shahada. Atasoma vizuri kuliko miye."

Kwa hiyo karatasi ilipelekwa kwa Placide. Alisoma kwa haraka mistari ya kwanza, jina, kabila, mahali alipozaliwa, kazi ya nyumbani, mshahara franka mia tatu, siku saba za kujaribiwa ambamo upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila fidia. Kisha akasimama.

"Soma," ajenti alisema.

Placide aliinua kichwa kumtazama baba yake. Raphaël alikuwa anatazama sakafu. Kule dirishani Mathilde alikuwa ameshikilia chuma cha dirisha. Kama wakati ule mtu mmoja angesema neno, lolote, labda karatasi ingerudi mezani na mambo yangekwenda kwingine. Kila mmoja alimngojea mwenzake aseme.

"Soma, baba," Régina alisema kwa upole. Alimwita hivyo tangu utotoni, baba, kama akina mama wa huku wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"'Mwajiri na mtumishi,'" Placide alisoma, "'wanatamka mbele ya mkubwa wa serikali kwamba hakuna kati yao undugu wa damu, wala wa ndoa, wala wa desturi. Mwajiri hana haki yoyote juu ya mtumishi isipokuwa kazi yake, na mtumishi hana dai lolote juu ya mwajiri isipokuwa mshahara wake.'"

"Umesikia?" ajenti alimuuliza Régina.

"Nimesikia. Asome tena mahali pa desturi."

Placide alisoma tena. Régina alimsikiliza kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza kesi za Lusangi.

Raphaël alitia sahihi ya kwanza. Mkono ulioandika uzito wa pamba miaka ishirini bila kukosea uliacha doa la wino. Kisha Marcellin alimshika Régina kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Ajenti alitaka mshahara wa kwanza ulipwe mbele yake, ili isiwe maneno tu. Raphaël alitoa noti tatu, zile za koti la Placide. Kisha ajenti akavuta jalada la bursi, akasoma mstari wa tatu, akaweka alama, akatia sahihi na kupiga muhuri mara mbili.

"Imekwisha," alisema. "Hongera, kijana."

"Bwana," Régina alisema. "Jalada iko imefungwa?"

"Imefungwa. Kesho inaenda."

"Hata mutumishi akiondoka?"

Ajenti akacheka. "Watumishi wanaondoka kila siku."

"Basi na miye naacha kazi. Iko ndani ya zile siku saba. Naomba pasi ya njia, niende Lusangi kwa kaka yangu."

Aliyeelewa kwanza alikuwa Placide. "Mama mudogo, hapana," alisema kwa Kibangubangu, lugha aliyofundishwa na Régina mwenyewe, ambayo mle ofisini hakuna mwingine aliyeijua sana. "Ni karatasi tu. Tutaichoma nyumbani."

"Umeisoma mara mbili," alimjibu kwa lugha ile ile. "Mbele ya baba yako, mbele ya serikali, na mwenye mali ametia sahihi. Bulaimu hadaiwi tena hata jogoo. Ulikuwa unatafuta kesi ya namna hiyo kwa daftari lako, sikuwa nayo. Sasa iko."

"Sikutaka kesi."

"Najua, baba. Lakini nitalala wapi leo? Katika nyumba ya shemeji, shemeji si shemeji tena. Ghalani, na ghalani ni pa mutumishi. Miye si mutumishi. Nilikuwa mutumishi kwa ajili yako, nimemaliza."

Ajenti aliuliza wanasema nini. Marcellin alisema wanaagana, akachomoa kitabu cha pasi, akaandika, akapiga muhuri. Aliupiga kwa nguvu isiyohitajika, na hakudai malipo ya muhuri.

Raphaël alimfuata Régina mpaka barazani. "Shemeji," alisema, "nisamehe. Turudi. Jembe lako bado liko ukutani."

"Mpe Mama Placide. Mpunga wa bondeni uko karibu kuiva, ndege wataumaliza." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja kazi ya kesho. Kisha akainama kushika kikapu chake, na majani ya migomba yakateleza. Ndani hapakuwa na mchele. Palikuwa na vitenge vyake, sufuria moja, blanketi, na pazia la maua, limekunjwa vizuri.

Mathilde aliona. Alitazama pazia, akamtazama Régina, na yote aliyokuwa ameyaandaa kusema, kwamba ni asubuhi moja tu, kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kwamba mtaa utasema nini, hayakutoka. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akachutama, akaingiza mikono chini ya kikapu, akakiinua na kukiweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Yaya, nipe mzigo wangu."

"Tembea," Mathilde alisema. "Kamiyo ya Moustapha inaondoka saa nne."

Walipita katikati ya soko, Régina mbele mikono mitupu, Mathilde nyuma na kikapu. Wauza chumvi waliacha kupima. Wazee wenye kofia mbele ya msikiti waligeuza vichwa. Mwanamke mmoja muuza mawese, aliyemjua Mathilde kwa maringo yake na kwa mwanawe wa Léopoldville, alishindwa kujizuia.

"Mama Placide, leo ni weye ndiye boyi?"

"Ndiyo," Mathilde alijibu, na hakusimama.

Kamiyo, lori la mizigo, ilikuwa imejaa magunia mpaka juu. Moustapha, dereva, mwenyewe wa Kabambare, alikataa nauli alipomtambua dada wa Bulaimu, lakini Régina alimtolea noti moja kati ya zile tatu akangojea chenji. Alipanda kwa kukanyaga gurudumu, akaketi juu ya magunia ya chumvi. Mathilde akainua kikapu kwa mikono miwili, akasimama kwa vidole vya miguu, na kilikuwa bado chini kidogo. Hapo Placide, aliyekuwa amewafuata kwa mbali na daftari kwapani, alifika akakisukuma kutoka chini.

Régina alikipokea. Alikiweka kati ya miguu yake, akafunika pazia, lisipate vumbi.

"Uko na soksi?" alimuuliza Placide. "Wanasema kule miguu inakufa kwa baridi."

Placide alifungua mdomo. Moustapha akawasha mashine, na jibu halikusikika. Gari liliondoka kuelekea barabara ya Kabambare. Mathilde alibaki amesimama na mikono juu kwa kitambo, kama mtu ambaye bado ameshika kitu. Kisha akaiteremsha.

"Nenda nyumbani," alimwambia mwanawe. "Baba yako yuko peke yake."

"Na weye, mama?"

Mathilde alikuwa ameshageuka. Alikuwa anakwenda bondeni kufukuza ndege.